Fundi Anajibu: Meza ya Uani Yenye Jiko la Kuchomea Katikati

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, nakaa Kigamboni. Nimejenga milango ya nyumba yangu kwa mninga na zimebaki mbao nzuri za inchi 2 kwa 6, sitaki zioze stoo. Nataka meza ya uani ambayo katikati ina jiko la mkaa, tukae kuzunguka tunachoma mishikaki na samaki kila mtu anageuza wake. Fundi wangu wa mtaani anasema ni kazi ya siku moja tu, tunakata tundu, tunadumbukiza kasha la bati, tunalifunga na skrubu kwenye mbao basi. Bei yake nafuu kweli ila moyo wangu unasita. Na je naweza kuiweka barazani chini ya paa manake mvua zikianza itanyeshewa?

JIBU: Kaka, moyo wako umekwambia kweli, usikubali hiyo kazi ya siku moja. Sio kwamba fundi wako ni mbaya, ni kwamba watu wengi wanadhani mbao inaungua pale tu ndimi za moto zinapoigusa, na sivyo. Mbao inaanza kugeuka mkaa kwenye nyuzi joto kama 250 hadi 300, na kasha la chuma lenye mkaa uliokolea linafika hapo na kupita bila shida yoyote. Halafu skrubu ni chuma, inabeba joto kutoka kwenye kasha inaliingiza ndani kabisa ya mbao ambako huoni.

Nakwambia kitu nilichokiona mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimtengenezea shemeji yangu meza ya namna hiyo hiyo, kasha limebanwa kwenye mbao, tukala vizuri tukafurahi, wageni wakaondoka saa nne usiku. Alfajiri akanipigia simu kwamba uani kunanuka moshi. Nilipofika na kufungua kasha nikakuta kila tundu la skrubu limeungua jeusi, na upande mmoja mbao bado ilikuwa inafuka ndani kwa ndani, hakuna mwali hata mmoja. Watoto walikuwa wamelala chumba kinachopakana na ule ua. Tangu siku ile sijawahi kufunga kasha la moto kwenye mbao na sitafunga.

Kwa hiyo siri yote ya meza hii ni hewa. Moto na mbao visigusane popote, kati yao ipite hewa.

Mi nafanya hivi. Natengeneza makasha mawili, moja ndani ya lingine. Kasha la ndani ndio la mkaa, pleti ya chuma ya milimita 3, sentimita 30 kwa 60 na kina cha 18. Hilo peke yake lina uzito wa kama kilo 12 hivi kwa hiyo usitegemee mbao kulibeba. Kasha la nje linaweza kuwa la pleti ya milimita 1.5, limzidi mwenzake sentimita 3 kila upande, na la ndani likae juu ya vimiguu vya sentimita 5 ili hata chini kuwe na nafasi. Toboa matundu sehemu ya chini ya makasha yote mawili, la ndani linahitaji hewa ili mkaa uwake, la nje linahitaji hewa ya baridi iingie chini, ipande katikati ya makasha na kutokea juu. Ule upenyo wa juu usiuzibe kwa urembo wowote, kuna watu wanaupigia flati ba, yaani chuma bapa, ili meza ipendeze, wakishafanya hivyo hewa haipandi tena na kasha la nje linakuwa moto sawasawa na la ndani.

Sasa tundu la mbao lenyewe liwe na nafasi ya sentimita 3 nyingine kuzunguka kasha la nje. Ukijumlisha yote unapata tundu la kama 43 kwa 73. Mtu anahitaji angalau sentimita 35 mbele yake kwa sahani na mkono, kwa hiyo upana wa meza usiwe chini ya 115. Urefu weka mita 2, hapo unakaa watu watatu kila upande kwa raha, kila mmoja na sentimita zake 60 na zaidi kidogo. Kimo 75 kama meza ya kawaida ya kulia.

Makasha yabebwe na nini? Na fremu ya chuma. Mwambie fundi wa kuchomelea akuundie miguu na fremu ya skwea paipu ya inchi moja na nusu, katikati apitishe vyuma viwili vya kukalia kasha, mbao zako zije juu ya fremu kwa pembeni tu. Yaani hata ukizitoa mbao zote jiko libaki limesimama lenyewe. Hapo ndio utajua kazi imefanyika.

Kitu kimoja ambacho watu wanasahau ni magoti. Kasha linaning'inia chini ya meza na mtoto akikaa anasogeza miguu mbele anagusa chuma cha moto. Zungushia wavu wa chuma chini kwa umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye kasha la nje, kazi ndogo ila naomba usiiache.

Kuhusu chuma chenyewe sikiliza hapa vizuri kaka yangu: usitumie bati la kuezekea wala chuma chochote kilichopakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 tu, mkaa unaopulizwa na upepo unapita hapo, na hayo sio mambo ya kuyaweka karibu na chakula cha watoto. Hata fundi anayekichomelea akivuta ule moshi mweupe jioni anashikwa na homa na baridi kama mtu mwenye malaria. Nunua pleti nyeusi ya kawaida. Ndani usipake rangi, paka mafuta ya kupikia kidogo halafu washa moto mkubwa mara moja bila chakula, inashika rangi nyeusi yake nzuri. Nje na kwenye fremu ndio uweke rangi ya kuzuia kutu, upake mara mbili, manake hewa ya chumvi ya Kigamboni inakula chuma haraka kuliko unavyofikiri.

Mninga umebahatika, ni mbao inayovumilia jua na mvua na haipindi ovyo. Acha nafasi ya milimita 5 kati ya ubao na ubao, maji yapite na mbao ipate pa kutanukia. Usipake vanishi karibu na jiko, inababuka. Mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, yanatosha, ila yale matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa kwenye kona, yanajipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila mtu kuyagusa. Yaloweke kwenye maji au yatandaze nje yakauke moja moja.

Barazani hapana. Hapa sina namna ya kulegeza. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inatoka hata mkaa ukiwa unakaribia kuzima, yaani wakati ambao mtu anaona moshi umeisha anasema sasa salama. Weka meza uani kwenyewe juu kukiwa wazi, sio chini ya paa wala turubai. Mvua ikija funika na plastiki nzito ila jiko liwe limepoa kabisa.

SWALI: Fundi, mimi mama wa Tanga, mume wangu anataka meza yote iwe ya zege, sehemu ya moto nayo iwe shimo tu kwenye zege hilo hilo. Anasema zege haliungui. Ni kweli?

JIBU: Mama, haliungui ila linapasuka. Ndani ya zege kuna maji yaliyojificha hata likiwa limekauka kwa macho, moto ukilishika ghafla yale maji yanakuwa mvuke, yanakosa pa kutokea, yanalipasua, na vipande vinaruka. Ni vile vile kwa mawe ya mtoni, msiyatumie kabisa. Meza ya zege ni nzuri, ila shimo mlijengee kwa tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo, au mdumbukize kasha la chuma kama nilivyomwambia kaka hapo juu. Udongo uliochomwa ndio rafiki wa mkaa. Lile jiko la kauri la Kenya la miaka ya 80 lilifanya vizuri kwa sababu hiyo hiyo, ndani udongo wa kuchoma nje bati, joto linabaki kwenye chakula na bati halichoki mapema.

SWALI: Hivi majivu ya jiko la meza nayatoaje? Na je naweza kutumia wavu wa friji mbovu kuchomea? Kijana, Morogoro.

JIBU: Majivu yaache hadi kesho yake, na hata hiyo kesho yachukulie kama bado yana moto, manake kaa moja lililofunikwa na majivu linakaa hai zaidi ya siku nzima. Ndoo ya bati yenye mfuniko, mwagia maji, usiyaweke kwenye dastibini ya plastiki.

Wavu wa friji usiutumie mdogo wangu. Nyingi za zamani zimepakwa kadmiamu au zinki, mpya zimevishwa plastiki, na zote zikipata moto zinatoa sumu inayoingia moja kwa moja kwenye nyama. Chomelea mwenyewe kwa vyuma vya mviringo laini vya milimita 8, acha sentimita moja kati ya kimoja na kingine ili mishikaki isidondoke, usitumie nondo za mikunjo manake samaki ananasa kwenye ile mikunjo na kuisafisha ni taabu. Wavu ukae sentimita 10 juu ya mkaa. Ule wa friji wapelekee wanaonunua skrepa.