Rais akitangaza hali ya hatari, mamlaka yake yanafika wapi?

SWALI: Mhariri, hapa mtaani tunabishana. Jirani anashikilia kwamba Rais akitangaza hali ya hatari, Bunge na mahakama hunyamaza, na polisi hukuweka ndani wapendavyo. Ni kweli? Na kafyu ya 2020 je, haikuwa hali ya hatari? – Msomaji, Kayole

JIBU: Jirani yako anazungumzia Kenya ya 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari iliyokuja kuondolewa Januari 1960. Katiba ya 2010 haimruhusu Rais kwenda hivyo.

Msome Kifungu cha 58. Rais hutangaza, ndiyo, lakini pawepo vita, uvamizi, uasi, vurugu, janga la kiasili au dharura nyingine ya umma, na tangazo liwe la lazima kweli. Lina uhai wa siku 14, wala halihalalishi yaliyotendwa kabla yake. Siku hizo zikiisha bila nyongeza, linakufa lenyewe.

Kuongeza ni kazi ya Bunge la Kitaifa (Seneti haipigi kura hapa), baada ya mjadala wa hadharani. Nyongeza ya kwanza inataka theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Kati ya 349 wenye kura, hao ni 233. Mbunge aliyelala nyumbani siku hiyo ni sawa na aliyepinga. Kuanzia nyongeza ya pili ni robo tatu, yaani 262, na hakuna nyongeza inayozidi miezi miwili. Hesabu hiyo ni ngumu kuipata bila kubembeleza upinzani.

Mahakama ya Juu nayo yaweza kuamua kama tangazo, nyongeza au sheria iliyotokana nalo ni halali. Sheria ya kubana haki haianzi kazi kabla ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, kwa hiyo wakili makini huanza kwa kuuliza tarehe ya toleo. Afisa aliyevunja sheria hawezi kukingwa na tangazo.

Kuhusu kuwekwa ndani: Kifungu cha 25 kinalinda haki zisizopunguzwa kamwe, zikiwemo kutoteswa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya kumfikisha mshikwa mbele ya jaji. Ndugu akipotea mikononi mwa polisi, amri hiyo huombwa Mahakama Kuu. Polisi hutakiwa kumleta na kueleza wanamshikilia kwa sheria gani.

Kafyu ya Machi 2020 ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Kifungu cha 58 hakikuguswa.