Wasomaji wanauliza: Nimhoji vipi mama anayevusha watoto barabarani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Muheza, naandika stori za watu wa mtaani kwetu naposti Facebook. Kuna mama anauza maandazi pembeni ya barabara kuu, kila asubuhi anavusha watoto wa shule, ana kijiti amekifunga kipande cha kanga nyekundu, akikinyanyua hata malori yanasimama. Hajatumwa na mtu wala halipwi. Nimemfuata nikamuuliza anajisikiaje kuwa shujaa, akacheka, akasema "mimi nasaidia tu mwanangu", ikaishia hapo. Nifanyeje aongee?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo mama hajakunyima stori, swali lako ndo lilikuwa gumu, mtu mzima ataanzaje kujisifu mbele ya mtoto wa jirani? Mambo ya ushujaa mwachie msomaji aseme mwenyewe, wewe muulize kazi. Mwambie "mama, jana asubuhi ilikuwaje tangu ulipoamka?" na ushike hapo hapo kwenye jana, maana ukiuliza ya kila siku atakujibu juu juu tu. Alikanda unga saa ngapi, na akiwa katikati ya lami na kijiti chake nani anabaki kwenye karai la mafuta yanayochemka, maandazi yakiungua hasara ya nani, na wale wateja wa asubuhi wanamsubiri au wanaenda meza ya pili? Yani hapo ndo utaona anachokitoa, na yeye hajajisifu hata neno moja. Muulize pia kabla ya kanga alikuwa anatumia nini na siku ya kwanza kabisa kuingia barabarani aliona nini.

Na usiende saa nne ameshauza anahesabu chenji, nenda saa kumi na mbili na nusu, simu iache mfukoni kwanza, simama uangalie, nunua maandazi kama mteja mwingine, kurekodi kutakuja baadaye na umuombe ruhusa.

Halafu usiishie kwake. Unakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, wakafariki 19. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi, akajulikana nchi nzima, akapewa shilingi milioni moja na Rais akaagiza apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Baadaye watu wakaanza kubishana mlango wa ndege ulifunguliwa na nani, yeye kwa kasia lake akiwa nje au waliokuwa ndani, na kijana wa watu akawa anachambuliwa mitandaoni kama vile ameshtakiwa. Mimi iliniuma sana, kwa sababu kuingia kwenye maji kuokoa watu aliingia kweli, ila stori ilibanwa ikae kwa mtu mmoja wakati pale ziwani kulikuwa na wavuvi wengine na mitumbwi yao, na waliokuwa ndani ya ndege nao walikuwa wanahangaika. Kwa hiyo na wewe ongea na mwalimu wa zamu, bodaboda wa kijiweni hapo, dereva wa lori, na muulize mwenyewe mama ni nani humsaidia, lazima yupo. Watoto usiwahoji bila mzazi kukubali, sura zao usiziweke.

Kingine ambacho waandishi wengi wanakisahau, kama meza yake iko kwenye hifadhi ya barabara, picha yako ikisambaa inaweza kumletea watu wa kumuondoa, na kusimamisha magari kisheria sio kazi yake. Mwambie wazi kabla hujaposti kwamba hii itaonekana na halmashauri, trafiki, kila mtu. Akisema usioneshe sehemu au usitaje jina, tii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria yule ndo anaamka pale kesho, sio wewe.

SWALI: Salaam dada. Niko Mombasa, nataka kuandika kuhusu mzee anayefundisha vijana kuogelea bure, niitoe Oktoba 20, Siku ya Mashujaa. Mzee anataka nimlipe kwanza ndo aongee. Nilipe?

JIBU: Maneno usiyanunue kaka, ukilipa mtu anaanza kukupa stori ya thamani ya pesa yako. Ila kama umemtoa kwenye shughuli yake nauli, chai na chakula ni heshima tu, na mweleze ukweli kama wewe mwenyewe hulipwi, maana wazee wengi wameshapigwa picha na watu waliopotea nazo, ana haki ya kuuliza. Oktoba 20 mimi ningeiacha, siku hiyo kila mtu anaandika mashujaa, stori ya mzee itamezwa. Itoe likizo ya Desemba, watoto wamejaa baharini na wazazi wana wasiwasi, watasoma mpaka mwisho.

Kabla ya kuitoa nenda ukamsomee kwa sauti: majina, miaka, idadi ya vijana. Akisema kitu cha nyumbani kwake kitoke, kitoe. Akiona haya tu kwa sifa alizopewa na wanafunzi wake, mbembeleze zibaki.