Maswali magumu ya vipeo: tazama alama kabla ya kushika kanuni

Kwa vijana wa kidato cha nne wanaojiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba. Hapa Ngamiani, Tanga, kwenye baraza tunayofanyia tuisheni jioni jua likishapoa, swali linaloletwa zaidi ni la vipeo, zile namba ndogo zinazokaa juu ya namba, kama 3 kwenye 2³. Na si kwamba watoto hawajui kanuni. Mwamshe usiku wa manane atakutajia zote: ukizidisha jumlisha vipeo, ukigawanya toa, kipeo kikiwa sifuri jibu ni 1. Mpe swali la mtihani sasa, kalamu inagoma.

Mimi nikipewa swali la vipeo sianzi na namba. Natazama alama iliyo katikati. Kuna kuzidisha na kugawanya tu, au kuna jumlisha na kutoa? Zile kanuni zote ni za kuzidisha na kugawanya. Jumlisha ikiingia, hazikuhusu mpaka uiondoe kwanza.

Tuanze na swali jepesi: 8ˣ⁺¹ × 4ˣ⁻² = 1/32. Ni kuzidisha tupu, kwa hiyo vunja kila namba mpaka ufike kwenye namba tasa. 8, 4 na 32 zote zinatokana na 2, unapata 2³ˣ⁺³ × 2²ˣ⁻⁴ = 2⁻⁵. Namba za chini zimelingana, basi linganisha vipeo: 5x − 1 = −5, x = −4/5. Angalia tu mabano. 3(x + 1) ni 3x + 3, na wanaoandika 3x + 1 ni wengi kuliko unavyodhani.

Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye Hisabati ya kidato cha nne, kwa hiyo vipeo vya 2 mpaka 1024, vya 3 mpaka 729 na vya 5 mpaka 625 viwe kichwani. Ukiona 243 usianze kugawanya, ujue ni 3⁵.

Sasa tuje kwenye kasheshe lenyewe: 3ⁿ⁺¹ + 3ⁿ⁻¹ = 90.

Juzi binti mmoja kaliandika hili kuwa 3²ⁿ = 90, akakaa analitazama. Sikumfuta. Nikamwambia, mwanangu, weka n = 1 kwenye swali. Akapata 9 + 1, yaani 10. Haya, weka kwenye hiyo 3²ⁿ yako. Akapata 9. Akacheka mwenyewe, akatafuta ufutio. Hiyo mbinu ya kutia namba ndogo itumie kila unapotilia shaka hatua, haichukui hata nusu dakika.

Njia yenyewe ni kutoa nje kile chenye kipeo kidogo, hapa 3ⁿ⁻¹. Kwa kuwa 3ⁿ⁺¹ ni 3ⁿ⁻¹ × 3², unabaki na 3ⁿ⁻¹(9 + 1) = 90. Jumlisha imefungiwa ndani ya mabano, imekuwa 10. Gawanya: 3ⁿ⁻¹ = 9 = 3², n = 3. Hakiki: 81 + 9 = 90. Wengine hutoa nje 3ⁿ na wanafika, ila watapambana na 3 + 1/3, na sehemu ndizo zinazowamaliza watu.

Njia hiyohiyo ndiyo inayofungua yale maswali ya "rahisisha" yaliyojaa herufi, kama (5ⁿ⁺² − 5ⁿ) ÷ (24 × 5ⁿ⁻¹). Juu toa nje 5ⁿ, unapata 5ⁿ × 24. 24 zinaondoka, 5ⁿ ÷ 5ⁿ⁻¹ ni 5. Jibu halina n kabisa, usishtuke.

Lakini kuna jumlisha ambayo haitoki kwa njia hiyo. Chukua 9ˣ − 8 × 3ˣ − 9 = 0. Dalili yake ni kwamba 9ˣ ni (3ˣ)². Mwite 3ˣ kwa jina la y, unapata y² − 8y − 9 = 0, yaani (y − 9)(y + 1) = 0. y ni 9 au −1. Hapa wengi wanasimama na kuandika majibu mawili. Swali liliuliza x! 3ˣ = 9 inakupa x = 2. 3ˣ = −1 haiwezekani, maana 3 ukiipa kipeo chochote haitoi hasi. Andika sababu hiyo kwenye karatasi, usikate tu kimyakimya, kwa sababu hatua nazo zina maksi.

Kipeo cha sehemu hakina makuu. 27/8 yenye kipeo −2/3: hasi inaipindua kuwa 8/27, 3 ya chini inatafuta kipeuo cha tatu (namba ambayo ukiipa kipeo cha 3 inarudisha 8/27), yaani 2/3, na 2 ya juu inaipa kipeo cha pili, 4/9. Anza na kipeuo ndipo upandishe. Ukianza na 27² utakutana na 729 bure.

Na namba za chini zikikataa kabisa kulingana, kama 2ˣ = 7, acha kulazimisha. Chukua logi (logarithimu) pande zote mbili: x = log 7 ÷ log 2. Kitabu cha majedwali kinakupa 0.8451 ÷ 0.3010, karibu 2.81. Na kwa kuwa 2³ ni 8, jibu lililo chini kidogo ya 3 linakaa mahali pake.