Jibu: DEUNA inaonekana lakini haigusi kumbukumbu

Habari mkuu. Umesema rejista za DEUNA (kadi ya mtandao wa Ethernet ya kampuni ya DEC, yenye bodi mbili, M7792 na M7793) kwenye anwani 774510 zinasomeka, ila amri yoyote inayoitaka kadi ichote data kwenye kumbukumbu haikamiliki. Kabla ya kuishuku kadi, angalia waya wa NPG, yaani wa ruhusa ya DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu chenyewe bila kupitia CPU). Zima mashine kabisa, kagua bodi ya nyuma ya Unibus (njia ya pamoja ambamo kadi huchomekwa), utafute waya unaounga pini CA1 na CB1 kwenye nafasi ya bodi ya M7792. Ukiwepo, ruhusa ya DMA inaipita kadi bila kusimama. Mimi huutoa na kuutunza, kwa sababu siku ukichomoa kadi lazima urudishwe, la sivyo vifaa vinavyofuata vitakosa ruhusa. Halafu kaza kebo bapa za kwenda M7793. Transiva (kifaa kinachounga kadi na kebo ya mtandao) iache kwanza. Hukutaja kadi za jirani, weka picha.