Inhela ya mtoto mwenye pumu: itumie na chupa

Mtoto wa miaka 5 akipuliziwa inhela mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi huishia ulimini na kooni, kwa sababu inatoka kwa kasi na yeye bado hawezi kuvuta pumzi sambamba na mbonyezo. Mzazi husema dawa haimsaidii, kumbe haijafika mapafuni. Spesa ya dukani, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, ina bei, na madukani mara nyingi haipatikani. Chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi hiyo vizuri.

Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usiisuuze ndani, suuza mdomo wa chupa tu, kisha iache ichuruzike. Usiifute: plastiki ikisuguliwa inapata umeme tuli unaonasa dawa kwenye kuta. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, uukandamize kwenye kitako cha chupa. Fanyia nje, mtoto akiwa mbali, maana moshi huo unaweza kumbana kifua. Chomeka inhela plastiki ikiwa bado laini. Penye upenyo zungushia plasta.

Tikisa inhela. Mtoto akae wima, abane midomo kwenye chupa, bonyeza mara moja tu, apumue kawaida mara 5 au 6 bila kuachia. Subiri nusu dakika, tikisa, rudia. Mibonyezo miwili kwa mpigo ni kupoteza dawa. Wa chini ya miaka 4 kwa kawaida anahitaji barakoa ya kufunika pua na mdomo, iliyounganishwa na chupa.

Salbutamol, mara nyingi ya bluu, ni ya kufungua kifua kilichobana. Beklometazoni, inhela ya kuzuia pumu isimbane, ni ya kila siku, hata akiwa mzima anacheza mpira, na hapa ndipo wazazi wengi huteleza: kikohozi kikikoma wanaiacha. Baada yake asukutue mdomo, asije akaota utando mweupe. Hesabu mibonyezo: inhela ya 200 ikiisha huendelea kutoa hewa isiyo na dawa.

Jiko la mkaa, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma vitoke chumba anacholala.

Mbavu zikizama anapovuta pumzi, akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, au midomo ikigeuka bluu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Njiani mpe salbutamol kwa chupa hiyo, mbonyezo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, mibonyezo yote isizidi 10.