Kimeng'enya kikionekana ndani ya kiini, usishangilie haraka

Wanafunzi wa uzamili wakiniletea matokeo, swali langu la kwanza huwaudhi: una hakika gani kwamba kimeng'enya hicho kimo ndani ya kiini?

Shuleni tulifundishwa kwamba glukosi huvunjwa kwenye saitoplazimu, mitokondria humalizia, na kiini hutunza DNA. Seli ya saratani haifuati mipaka hiyo. PKM2, kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuvunja glukosi, huingia kwenye kiini pale EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji kwenye utando wa seli, kinapoamshwa, na huko husaidia kuwasha jeni za ukuaji. Fumarasi, kimeng'enya tulichozoea kukisoma kwenye mitokondria, hushiriki kuunga DNA iliyokatika.

Kwa hiyo anza na mikono yako. Ukishatenganisha kiini na saitoplazimu, pima lamini (protini ya kiini) na tubulini (protini ya saitoplazimu) katika kila sehemu. Tubulini ikijitokeza upande wa kiini, hata kwa kufifia, rudia usafishaji. Vimeng'enya hivi vimejaa tele kwenye saitoplazimu, na mabaki kidogo tu yanatosha kukupa bendi (mstari wa protini kwenye kipimo) nzuri ya uongo. Thibitisha kwa hadubini pia, na ijaribu kingamwili yako (protini inayonasa kimeng'enya unachokitafuta) kwenye seli ambazo jeni husika imeondolewa. Ikiendelea kung'aa humo, achana nayo hata kama ilikuwa ghali.

Halafu kuna suala la kazi yenyewe, na hapa ndipo utamu ulipo. Mfano ninaoupenda ni FBP1, kimeng'enya cha kutengeneza glukosi. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu saratani ya figo ulionyesha kwamba kimeng'enya hiki hushikana ndani ya kiini na HIF, protini inayowasha jeni seli ikikosa oksijeni, na kuizuia, hata kikiwa kimeondolewa uwezo wa kuchochea mmenyuko wake. Ndiyo maana nasisitiza uwe na matoleo mawili ya protini yako: moja lisiloweza kuchochea, lingine lisiloweza kuingia kwenye kiini. Bila hayo utajuaje ni kipi kilicholeta mabadiliko uliyoyaona? Dawa inayoziba sehemu ya uchocheaji huenda isiguse kabisa kazi kama ile ya FBP1.

Kuhusu PKM2, soma na wapinzani. Wapo walioripoti kwamba hubandika fosfati kwenye histoni H3 (mojawapo ya protini ambazo DNA huzungushiwa), na wapo waliojaribu kuiona ikifosforisha protini nyingine wasione kitu. Mimi bado naegemea upande wa wenye shaka.

Jiandae pia kwa swali la wahakiki kuhusu ACLY, kimeng'enya kinachotengeneza asetili-CoA, chanzo cha asetili inayobandikwa kwenye histoni. Asetili-CoA ni molekuli ndogo, hupita kwenye matundu ya kiini bila shida. Kuna haja gani ya kuitengeneza ndani? Jibu lenye uzito zaidi nililonalo linatoka kwenye DNA iliyokatika: ACLY ya kiini hufosforishwa, histoni zilizo jirani na mkato hupata asetili, na BRCA1, protini ya kuunga DNA, huweza kufika hapo kuanza ukarabati.