Miche ya friji na hesabu ya RNA

SWALI: Mhariri, niliotesha ngano na mahindi hapa Tanga. Miche ilipofika siku 3, nusu niliiacha mezani na nusu nikaiweka kwenye friji ya nyuzi 4 kwa siku 7. Vipimo vilionyesha kwamba gramu moja ya ngano ya friji ina RNA (molekuli zinazosaidia kutengeneza protini) na DNA (molekuli za urithi) nyingi kuliko ya mezani, ilhali haikurefuka. Je, baridi inazizalisha? – Mwalimu wa biolojia, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, angalia hiyo gramu kwanza. Mche wa mezani hurefuka kwa seli zake kunywa maji na kutanuka, hivyo gramu yake ni maji mengi na seli chache. Kwenye baridi seli hubaki ndogo, zimebanana, na kila moja ina DNA yake. Gramu ile ile imebeba seli nyingi zaidi, basi.

Piga hesabu upya kwa mche mmoja, kisha gawanya RNA kwa DNA, upate RNA kwa kila seli. DNA ya mche mmoja wa friji huwa kidogo kuliko ya mche wa mezani, kwa kuwa baridi huchelewesha seli kugawanyika. Uwiano wa RNA kwa DNA ukipanda, hilo ndilo la kufuatilia: ngano inayojizoeza baridi inaweza kulimbikiza RNA, hasa ya ribosomu, mitambo ya seli inayotengeneza protini. Tena nyuzi za RNA hujikunja na kukwama kwenye baridi, na ngano ina protini, WCSP1, inayozikunjua.

Ukirudia, pima pia miche ya siku 3 kabla ya kuigawa. Bila kipimo hicho hujui kilichoongezeka wala kilichopungua. Funika miche ya mezani, maana ndani ya friji ni giza, na giza lina athari zake. Saga sampuli kwenye kinu kilichopozwa juu ya barafu, umevaa glavu: vimeng'enya vinavyokata RNA vimo kwenye mche na hata kwenye vidole. Suuza unga kwa asidi ya trikloroasetiki baridi ya asilimia 5 kuondoa nyukleotidi huru, yaani vipande vidogo vinavyojenga RNA na DNA, la sivyo zitahesabiwa kama RNA. Ndipo RNA iyeyushwe, ili ipimwe, kwa potasiamu haidroksaidi ya mola 0.3 kwa lita, nyuzi 37, saa 18.

Mahindi usiyachanganye na ngano kwenye wastani mmoja. Ni mmea wa joto. Siku 7 za nyuzi 4 humjeruhi mche, utando wa seli huvuja, na RNA inayopungua hapo ni dalili ya jeraha. Jaribu nyuzi 12.